Funguo Hazijarudi

MSIMAMIZI: Haloo? Haloo, unanipata? Halo—

MAMA PACHA: Nakupata. Sema wewe nani.

MSIMAMIZI: Shemeji, pole na siku. Habari za watoto?

MAMA PACHA: Nimekuuliza wewe nani.

MSIMAMIZI: Ni mimi. Msimamizi. Wa ghala la mbao.

MAMA PACHA: Mara ya mwisho namba hii kunipigia ilikuwa Jumanne ile. Saa tano na robo asubuhi. Nilikuwa nawaosha pacha miguu kwenye beseni, walikuwa wamekanyaga tope la bombani. Ukaniambia, "Njoo hospitali, mumeo ameteleza."

MSIMAMIZI: Nilitaka usishtuke njiani.

MAMA PACHA: Ameteleza! Nikabeba kandambili zake. Unanisikia? Nilijua mguu umevimba, buti halitaingia, nikabeba kandambili. Nimeingia wodini nazo mkononi, nesi ananitazama mikono, hajui aniambie nini.

MSIMAMIZI: Shemeji, kwa hilo—

MAMA PACHA: Usiniite shemeji. Shemeji zangu nawajua, nimewahesabu. Unataka nini?

MSIMAMIZI: Sawa. Basi... Mama Pacha. Nimepiga kwa ajili ya Shangazi.

MAMA PACHA: Shangazi gani?

MSIMAMIZI: Shangazi. Yule mbwa wa marehemu.

MAMA PACHA: (anacheka bila furaha) Mbwa.

MSIMAMIZI: Ndiyo. Hali yake si—

MAMA PACHA: Umenipigia kwa ajili ya mbwa.

MSIMAMIZI: Hajala tangu siku ile. Leo siku ya kumi. Daktari wa mifugo amemtundikia dripu mara mbili, mara ya pili Shangazi hata hakujisumbua kumwangalia. Mbwa yule, Mama Pacha, aliyekuwa akikagua mifuko ya watu getini kama shangazi wa bwana harusi! Sisi wenyewe tulimpa jina hilo. Sasa amelala tu.

MAMA PACHA: Subiri kidogo. (mbali na simu) Wifi, watoe watoto nje. Na hiyo sahani iache, nimesema sitaki. Iache hapo. (anarudi) Haya. Leo siku ya kumi, umesema.

MSIMAMIZI: Ya kumi.

MAMA PACHA: Na ndani ya siku kumi hizo umenipigia mara ngapi kuniuliza kama mimi nimekula?

MSIMAMIZI: (kimya)

MAMA PACHA: Mtandao mbaya? Mbona sikusikii?

MSIMAMIZI: Nakusikia.

MAMA PACHA: Mara ngapi?

MSIMAMIZI: Hata moja.

MAMA PACHA: Mbwa kakataa bakuli, ofisi nzima imekaa kikao.

MSIMAMIZI: Umekula?

MAMA PACHA: Usinizingue.

MSIMAMIZI: Mama Pacha, sikupiga kugombana. Nina daktari hapa, amesimama mlangoni na mkoba wake. Wakubwa wameamua. Mbwa asiyefanya kazi, na anayekufa kidogo kidogo mbele ya wateja, hawamtaki. Achomwe sindano ya kufa leo. Daktari ndiye aliyewaomba wasubiri mpaka saa kumi na moja na nusu. Sasa hivi ni saa kumi na dakika arobaini.

MAMA PACHA: Najua ni saa ngapi.

MSIMAMIZI: Amempima kila kitu. Damu, meno, minyoo, homa ya kupe. Hakuna kitu. Anasema ni sonona.

MAMA PACHA: Ni nini?

MSIMAMIZI: Sonona. Ugonjwa wa huzuni. Anasema na wanyama huwapata. Mimi mwenyewe nilimcheka, nikamwambia daktari, mbwa na huzuni wapi na wapi, lakini alinikalisha kwenye benchi akanionyesha. Mchana kutwa amelala, kageukia ukuta.

MAMA PACHA: (kitanda kinalia)

MSIMAMIZI: Ukimwita hageuki. Watu wakija anajisogeza nyuma kabisa ya banda, kama mtu mwenye aibu. Ule mpira wake wa tairi tumemrushia, ukampiga ubavuni, hakuutazama. Na anajilamba mguu wa mbele, palepale, saa nzima, mpaka manyoya yamekwisha pamekuwa kidonda. Daktari anasema ukiona mambo mawili matatu kati ya hayo, na yanakaa siku nyingi, na ugonjwa mwingine haupo, usimwite mvivu. Usiseme ni kiburi.

MAMA PACHA: Nani kakuambia mimi nina kiburi?

MSIMAMIZI: Nasema mbwa.

MAMA PACHA: Aa. Endelea.

MSIMAMIZI: Sasa kwa Shangazi kuna jambo la pili juu ya hilo. Unajua mbwa wetu wanavyofundishwa. Hawali chakula cha mtu yeyote, hata kikiwekwa chini ya pua, mpaka mshika kamba wao aseme neno. Ni ili mwizi asije akawatupia nyama yenye sumu.

MAMA PACHA: Najua. Aliwahi kuniambia.

MSIMAMIZI: Kila mshika kamba ana neno lake, la siri. Analiandika, linatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungiwa kabatini kwangu. Likitokea la kutokea, tunafungua.

MAMA PACHA: Basi fungueni.

MSIMAMIZI: Tumefungua.

MAMA PACHA: Kumeandikwa nini?

MSIMAMIZI: (anasita) Kumeandikwa, "Aulizwe Shangazi mwenyewe."

MAMA PACHA: (kicheko, kinakatika katikati) Mshenzi yule. Ee Mungu. Mshenzi mkubwa yule.

MSIMAMIZI: Miaka sita bahasha iko kabatini na hakuna aliyeikagua. Sasa tumejaribu maneno yote. Kula. Haya. Tayari. Ruhusa. Karibu. Mpishi amemsomea hata sala. Anatutazama tu, halafu anarudisha kichwa chini. Daktari anasema huzuni imemkalia, na hata njaa ikimjia, hana ruhusa.

MAMA PACHA: Na mnadhani mimi ninalo.

MSIMAMIZI: Nadhani. Maana kila siku saa kumi na moja alikuwa anakupigia. Sote tulikuwa tunamwona. Simu kaiweka juu ya pipa, spika kaifungua, mkono mmoja anamimina chakula—

MAMA PACHA: "Mama Pacha, weka maji ya kuoga jikoni, nakuja." Kila siku. Namwambia, maji yako tangu saa kumi, wewe tu na hilo limbwa lako. Nasikia bakuli la bati linavyoburuzwa sakafuni. Nasikia anavyokula, kam-kam-kam, kama anafukuzwa. Miaka sita. Mimi sasa saa kumi na moja ikikaribia nazima simu. Leo nimesahau kuizima, ndiyo maana umenipata.

MSIMAMIZI: Basi unalijua.

MAMA PACHA: Nalijua.

MSIMAMIZI: Alhamdu— asante Mungu. Niambie, ninakwenda bandani sasa hivi—

MAMA PACHA: Sikupi.

MSIMAMIZI: Mama Pacha!

MAMA PACHA: Sikupi. Mchomeni.

MSIMAMIZI: Husemi kweli.

MAMA PACHA: Taarifa yenu ninayo hapa chini ya mto. Mdogo wake marehemu alikuja huko kuichukua, amenisomea mara mbili, ya tatu nimesoma mwenyewe. Nikusomee? Ina mhuri wenu na saini yako. "Mbwa alimzunguka mlinzi aliyekuwa ameanguka karibu na mizani ya malori, akawazuia wafanyakazi kumfikia na kumpa huduma ya kwanza." Mwandiko mzuri, hongera. Sasa huyo aliyemzuia mume wangu asiokolewe, mimi nimbembeleze ale?

MSIMAMIZI: (mkwaruzo kwenye laini) ...ile taarifa ni ya—

MAMA PACHA: Alikuwa anamlea kuliko pacha wangu. Blanketi langu la uzazi kampelekea yeye, nikanuna wiki nzima. Halafu siku ya siku anamkalia juu watu wasimguse! Mchomeni. Na mkimaliza msinipigie kuniambia.

MSIMAMIZI: Mumeo naye alikuwa mbishi, Mama Pacha! Tuseme ukweli! Mbwa wa kazi hapewi blanketi! Kila mtu anafuata utaratibu, yeye ana wake, bahasha yenyewe kafanya mzaha—

MAMA PACHA: Mbishi? Ijumaa alikuja ofisini kwako kuomba ruhusa, kifua kinambana. Ulimwambia nini?

MSIMAMIZI: Mwenzake alikuwa hajarudi likizo—

MAMA PACHA: Ulimwambia nini?

MSIMAMIZI: Nilimwambia Jumatano.

MAMA PACHA: Jumatano. Akafa Jumanne. Angekuwa mbishi angelala nyumbani.

(simu inakatika)

MSIMAMIZI: (amepiga tena) Haloo. Usikate. Tafadhali usikate.

MAMA PACHA: Una dakika moja.

MSIMAMIZI: Nimetoka nje. Daktari hanisikii hapa. Nina kitu cha kukuambia, na nikishasema, lolote utakalonifanyia ni sawa.

MAMA PACHA: Sekunde zinakwenda.

MSIMAMIZI: Shangazi hakumzuia mtu.

MAMA PACHA: Rudia.

MSIMAMIZI: Hakumzuia mtu yeyote. Hakukuwa na mtu wa kumzuia. Nilikuwa ofisini na dereva wa lori, tunabishana kuhusu karatasi za mzigo, kila mmoja kapandisha sauti. Mlango ukakwaruzwa. Nikafungua, Shangazi. Peke yake, kamba inaburuzika. Nikajua mumeo kamwachia anatembea ovyo, ndiyo tabia yake. Nikampigia kelele: "Rudi zamu!" Hiyo amri wanaijua wote, hata akiisema nani. Akanitazama. Akarudi.

MAMA PACHA: Akarudi.

MSIMAMIZI: Akaja tena.

MAMA PACHA: Baada ya muda gani?

MSIMAMIZI: Mama Pacha—

MAMA PACHA: Muda gani?

MSIMAMIZI: Dakika ishirini. Labda na mbili tatu juu. Safari hii alikuwa na kofia ya mumeo mdomoni. Nilidhani... wewe unajua walivyokuwa wakicheza. Alikuwa anaitupa kofia, anairudisha. Nilidhani ni michezo yao hiyohiyo. Nikaichukua ile kofia, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nikasema mbele ya dereva, "Huyu mzee leo nitamwandikia barua ya onyo." Nikampigia tena kelele, "Rudi zamu!" Akarudi tena. Dereva alipotoka kwenda kwenye mizani ndiye aliyewakuta. Mbwa amelala ubavuni kwake, kichwa ameweka juu ya buti. Dereva alipofika, Shangazi akasimama, akasogea pembeni mwenyewe. Akasogea, Mama Pacha. Akampisha.

MAMA PACHA: Daktari wa hospitali aliniambia, angeletwa nusu saa mapema—

MSIMAMIZI: Najua alichokuambia. Nilikuwa nimesimama nyuma yako.

MAMA PACHA: Ulikuwa nyuma yangu.

MSIMAMIZI: Ndiyo.

MAMA PACHA: Ukasikia, ukarudi ofisini, ukaandika mbwa.

MSIMAMIZI: Ndiyo.

MAMA PACHA: Nimeitafuta ile kofia. Nimegombana na nesi, nimemwita mwizi mtoto wa watu. Nimempekua mpaka fundi aliyepiga misumari jeneza lake.

MSIMAMIZI: Iko hapa. Bado iko msumarini. Sijaweza kuigusa.

MAMA PACHA: Usiiguse. Wewe usiiguse kabisa.

MSIMAMIZI: Sawa.

MAMA PACHA: Kwa hiyo yule mbwa... (anavuta pumzi) Yule mbwa amri ya mwisho aliyopewa ni rudi zamu.

MSIMAMIZI: Ndiyo.

MAMA PACHA: Na hakuna aliyemwambia imekwisha.

MSIMAMIZI: Hakuna anayejua kumwambia.

MAMA PACHA: Saa ngapi hapo?

MSIMAMIZI: Kumi na moja kasoro dakika tatu.

MAMA PACHA: Mpe simu.

MSIMAMIZI: Nani? Daktari?

MAMA PACHA: Shangazi! Mpe Shangazi simu! Tembea!

MSIMAMIZI: Naenda. Naenda. Salio langu ni la wasiwasi, likikatika—

MAMA PACHA: Likikatika nitapiga mimi. Tembea.

MSIMAMIZI: (anahema) Daktari, subiri. Subiri kidogo, ni mjane. Ndiyo, anataka... ndiyo, kuzungumza naye. Usicheke. Aa, hacheki, samahani, ni kikohozi. Nimefika. Nimeingia bandani.

MAMA PACHA: Simu weka juu ya pipa. Si chini. Juu ya pipa, alipokuwa anaiweka yeye. Spika umefungua?

MSIMAMIZI: Nimefungua.

MAMA PACHA: Bakuli ni lile la bati?

MSIMAMIZI: Tulimbadilishia la plastiki, jipya—

MAMA PACHA: La nini la plastiki? Lete la bati! Daktari kasema ale nini?

MSIMAMIZI: Uji mwepesi na nyama ya kusaga. Kidogo tu. Tumbo limekaa tupu siku nyingi. Haya, nimeweka kwenye la bati.

MAMA PACHA: Liburuze sakafuni. Taratibu. Tena. (mlio wa bati) Basi. Sasa nyamazeni wote. (anakohoa) Shangazi.

MSIMAMIZI: (kwa kunong'ona) Sikio limecheza.

MAMA PACHA: Nimesema nyamaza. Shangazi. Shangazi wewe. Ni mimi. Ni yule wa maji ya kuoga. Haya Shangazi... haya...

MSIMAMIZI: Tunakusikiliza.

MAMA PACHA: Siwezi.

MSIMAMIZI: Neno moja tu, Mama Pacha.

MAMA PACHA: Si neno moja. Na ni uongo. Siwezi kumwambia uongo.

MSIMAMIZI: Uongo gani tena?

MAMA PACHA: Alikuwa anasema, "Haya Shangazi, funguo zimerudi." Ndilo neno lenyewe. Akishazitundika funguo za ghala kwenye ubao wenu, ndipo anakuja kumimina chakula. Funguo zimerudi, kazi imekwisha, kula.

MSIMAMIZI: Basi nimwambie. Shangazi! Funguo zimerudi!... Funguo zimerudi, Shangazi... Hataki. Amelaza kichwa.

MAMA PACHA: Kwa sababu hazijarudi. Ziko huku kwangu. Mlinirudishia suruali yake kwenye mfuko wa nailoni, zilikuwa mfukoni. Nimelala nazo. Na yeye alikuwa anazisikia zikilia kila siku, hawezi kudanganywa na wewe. Subiri. (vitu vinaanguka, kitanda kinalia) Nisubirini nisimame.

MSIMAMIZI: Pole pole. Usianguke.

MAMA PACHA: Nimesimama. Kizunguzungu tu. Ziko hapa. (mlio wa funguo nyingi) Amesikia?

MSIMAMIZI: Amenyanyua kichwa. Anaangalia pipa. Anaangalia simu.

MAMA PACHA: (mlio wa funguo, karibu sana na simu) Shangazi. Umefanya kazi, sikiliza. Ulikuja kuwaambia, mara mbili. Umefanya kazi nzuri sana, na hakuna aliyekusikia. Mimi mwenyewe nimekutukana siku zote hizi kwa jambo ambalo hukulifanya. (mlio wa funguo) Haya Shangazi. Funguo zimerudi.

MSIMAMIZI: Amesimama. Miguu inamtetemeka... amesimama.

MAMA PACHA: Msimguse.

MSIMAMIZI: Hatumgusi. Anakwenda kwenye bakuli. Amenusa. Ameacha. Anakutazama wewe, yaani simu.

MAMA PACHA: Zimerudi, mama. Zimerudi. Kula.

MSIMAMIZI: Anaramba.

MAMA PACHA: Kweli?

MSIMAMIZI: Sikiliza mwenyewe.

MAMA PACHA: Anakula taratibu. Zamani alikuwa anakula kama anafukuzwa.

MSIMAMIZI: Daktari amegeukia ukutani. Anafuta miwani.

MAMA PACHA: (mbali na simu) Wifi. Wifi! Ile sahani umeiondoa? ... Basi ilete.

MSIMAMIZI: Ameacha. Amekula nusu hivi. Amelala tena, lakini hakugeukia ukuta. Kageukia bakuli.

MAMA PACHA: Daktari anasemaje?

MSIMAMIZI: Anasema... subiri, anaongea. Anasema hii si tiba ya siku moja. Kesho anaweza kukataa tena, tusivunjike moyo na tusimlazimishe. Chakula kiwe saa ileile, bakuli lilelile. Atembezwe asubuhi na jioni hata hatua chache, afike kwenye jua. Mtu mmoja akae naye bandani, hata bila kusema kitu, asiachwe peke yake siku nzima. Mguu atampaka dawa. Na kama wiki mbili zikipita bila nafuu, kuna vidonge. Hiyo sindano ya leo amesema haitoi, na wakubwa wakitaka watafute daktari mwingine.

MAMA PACHA: Huyo ana akili. Nani atakaa naye?

MSIMAMIZI: Nitakaa mimi.

MAMA PACHA: Wewe.

MSIMAMIZI: Mimi ndiye niliyemrudisha zamu.

MAMA PACHA: (sauti ya kijiko) Hilo ni lako na yeye. Mimi na wewe bado. Ile taarifa unaiandika upya. Leo, kwa mkono wako. Mlango, kofia, dakika ishirini, yote. Pacha wangu wakijua kusoma wasije wakasoma kuwa baba yao aliuawa na mbwa wake.

MSIMAMIZI: Watanifukuza.

MAMA PACHA: Ndiyo.

MSIMAMIZI: Nitaandika. Hiyo sauti gani hapo?

MAMA PACHA: Kijiko.

MSIMAMIZI: Unakula?

MAMA PACHA: Hayakuhusu. Na usidhani nimekusamehe, Msimamizi. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Usije ukalala usingizi kwa sababu mbwa ameramba uji.

MSIMAMIZI: Sidhani hivyo.

MAMA PACHA: Kesho nakuja huko. Hiyo kofia nitaitoa mwenyewe msumarini. Na funguo nitazirudisha kwenye ubao wenu mwenyewe, mbele yake, azione.

MSIMAMIZI: Mama Pacha, kuhusu hizo funguo... kufuli zote tulibadilisha siku ya pili. Hizo hazifungui kitu tena. Si lazima ujisumbu— (mlio wa simu) Salio linakwisha, sikia, nasema si lazima—

MAMA PACHA: Najua hazifungui kitu. Mwambie wa getini asinisumbue. Saa kumi na moja kamili nitakuwa bandani.

(simu inakatika)